Programu za Picha kwa Mfuko Mdogo: Tusahihishe Mwanga, Tusibadilishe Mtu



Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, mama mmoja mjane kutoka upande wa Kilolo alifika seminarini akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, kisha akatoa picha moja ndogo, rangi zake zimegeuka kuwa kama za machungwa na kona moja imeliwa na unyevu. Ilikuwa picha ya semina ya makatekista ya miaka ya 1980. Wanaume kumi na mmoja wamesimama mbele ya jengo la matofali, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa marehemu mume wake. "Mafrateri wanangu," alituambia, "mzee hakuacha picha nyingine. Nataka niiweke ukutani, awe yeye peke yake."

Mwenzetu mmoja alikuwa na simu yenye programu ya akili bandia, ile inayosifiwa kwamba hufufua picha za zamani. Tukaipiga picha ile, tukabonyeza, tukasubiri. Haikufika dakika moja, uso uliokuwa na ukungu ukawa umekolea: kope zinahesabika, midomo ina mistari, ngozi laini kama ya kijana. Tukafurahi sana. Mama akaitazama simu kwa muda mrefu, akaturudishia.

"Huyu ni mtu mzuri," alisema, "lakini simjui."

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo kadhaa kuhusu programu za kuhariri picha, na tumeona tuyaweke hapa. Waseminari wengi hupiga picha siku za sherehe. Parokiani nako, kila jumuiya ina kijana mmoja mwenye simu nzuri au kamera ya mkono wa pili ambaye ndiye huitwa kwenye Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, harusi na misiba. Wengi hutuuliza ni programu ipi nzuri na ya bei nafuu. Tutajibu, lakini jibu haliishii kwenye bei.

Programu ya fundi

Programu inayojulikana kuliko zote ni Photoshop ya kampuni ya Adobe, hadi watu wanasema picha "imefotoshopiwa" hata kama imehaririwa kwa kitu kingine kabisa. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia kila mwezi tu, badala ya kununua mara moja na kubaki nayo. Kwa miaka mingi mpango wa wapiga picha, wenye Photoshop na Lightroom, ulikuwa karibu dola 10 kwa mwezi. Kwa mwenye studio inayoingiza fedha kila siku, hiyo ni gharama ya kazi. Kwa mtu anayepiga picha za kwaya Jumapili kwa sababu anapenda, dola 120 kwa mwaka ni nyingi, na bado atahitaji kadi ya kulipia mtandaoni.

Basi watu hufanya nini? Humpelekea fundi kompyuta, fundi anaweka programu iliyovunjwa kufuli, na mtu anarudi nyumbani na Photoshop ya elfu chache. Hatusemi haya kwa kunyoosha kidole, kwa sababu nasi tuliwahi kuitumia. Mara nyingi programu ya namna hiyo hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi ndipo ikubali kuingia, na kwenye mlango huo huo uliofunguliwa huingia vingine. Kompyuta tuliyokuwa tukiitumia ilishambuliwa, na picha za upadrisho wa mwaka mzima zikapotea. Hakukuwa na nakala.

Lakini hata virusi visingekuwapo, jambo lenyewe lina jina. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2408 na 2409, inaeleza wizi kwa upana kuliko kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Sheria ya nchi yetu pia, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, kama kitabu au wimbo. Tunajua wapo watakaosema kwamba kampuni ni tajiri na haitahisi pengo. Hoja hiyo tumeshaisikia bwenini kuhusu sukari ya jikoni.

Zilizopo kwa halali

Kwa bahati nzuri, mpiga picha wa kujifurahisha halazimiki kuchagua kati ya dola 120 na wizi. Tunaanza na GIMP, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia zaidi. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la kwanza kwa watu wote likatoka mwaka 1996. Tangu hapo inaendelezwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na moja ya faida zake ni kwamba sasa unaweza kuweka badiliko juu ya picha, ukaliacha, na kesho ukarudi kulirekebisha au kuliondoa bila kuanza upya.

Hapa inafaa tutofautishe maneno mawili, bure na huru. GIMP ni vyote viwili. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha, mradi naye asiwafungie wengine haki hiyo. Kwa mazingira yetu hili si dogo. Faili lake la kusakinisha linakula bando, lakini akilipakua mtu mmoja mwenye intaneti nzuri mjini, flashi moja inaweza kutoka Kihesa ikaenda Tosamaganga, ikafika Mafinga, na kila atakayeipokea amepokea kwa haki. Anayekumbuka Mathayo 10:8 ataelewa kwa nini tunaipenda leseni hiyo.

Kwa simu, tunapendekeza Snapseed. Ilitengenezwa na kampuni ya Nik Software mwaka 2011, Google wakainunua mwaka uliofuata. Ni bure, ingawa si huru kama GIMP, na ikishawekwa kwenye simu inahariri bila kuhitaji bando. Mtu mwenye simu ya kawaida akiijua vizuri Snapseed hatahitaji kingine kwa kazi nyingi za parokiani. Kama kompyuta si yako na huruhusiwi kuweka kitu, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari. Picha huhaririwa kwenye kompyuta hiyo hiyo bila kupelekwa kwenye seva, na wenyewe hujilipa kwa matangazo pembeni. Hilo la picha kubaki kwako ni la kuzingatia, hasa picha za watoto. Programu nyingi za akili bandia hufanya kazi kwa kuutuma uso wa mtu kwenye kompyuta za mbali ambazo huzijui.

Wenye kamera zinazotunza faili ghafi, lile chaguo linaloandikwa RAW, wana RawTherapee na darktable, zote bure na huru. Faili ghafi hubeba mwanga mwingi kuliko JPEG, hivyo hukuachia nafasi ya kusahihisha kosa. Darktable ni nzito. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakufundisha subira kuliko mafungo, afadhali GB 8. Programu hizi mbili haziligusi faili lako la asili. Huandika maelekezo kwenye faili dogo pembeni, na ukihamisha picha ukaliacha faili hilo, kazi yako yote imebaki nyuma. Affinity nayo ilikuwa ya kununua mara moja. Canva wakaichukua mwaka 2024, na mwishoni mwa Oktoba 2025 wakaitoa bure kwa anayejisajili. Ni nzuri, ila kilichotolewa bure na kampuni kinaweza kubadilishiwa masharti na kampuni hiyo hiyo.

Uso katika mwanga wa kanisani

Tuje kwenye kazi yenyewe. Siku ya Komunyo ya Kwanza watoto wamevaa nyeupe tupu, na nyuma yao kuna ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Kamera haijui kwamba hizo ni nguo nyeupe. Imeundwa kukisia kwamba kila inachokiona, kwa wastani, ni cha kijivu, kwa hiyo ikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga. Nguo zinatoka kijivu na nyuso za watoto wetu zinazama gizani. Mpiga picha anarudi nyumbani, anaona giza, anafungua programu ya urembo yenye kitufe kimoja cha kung'arisha. Nyuso zinatokea, lakini sasa si za watoto wale. Ngozi imekuwa nyeupe, pua imepungua, mashavu yamepakwa kitu kama unga.

Tatizo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imewekwa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba miongoni mwa waliolalamikia udhaifu wa filamu katika rangi za kahawia walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na vya samani. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilienea miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi yako akitoka mweusi tii kwenye picha ya zamani ya kikundi, macho na meno tu yakionekana, usidhani kosa lilikuwa la ngozi yake.

Dawa ya kwanza ni kabla ya kuhariri. Kwenye simu, gusa uso wa mtoto kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo, isipime kwenye gauni. Kwenye kamera, ongeza kipimo cha mwanga kwa nusu hatua au hatua nzima. Ukishachelewa, fungua Snapseed, chukua kifaa cha kuchagua sehemu, weka nukta juu ya uso, na kwa vidole viwili punguza duara lake lisivuke uso. Ukipeleka kidole juu au chini unachagua unachotaka kubadili. Ukikipeleka kulia unaongeza. Ongeza mwangaza kidogo, kisha linganisha na picha ya awali. Kipimo chetu ni hiki: mwanga unaong'aa kwenye paji la uso ubaki kuwa mwanga, na rangi ya shavu lenye kivuli ibaki ile ambayo mama wa mtoto angeitambua. Ukiona uso umeanza kuwa wa kijivu kama majivu, umevuka, rudi nyuma.

Kwenye GIMP tunatumia kifaa kinachoonyesha mraba wenye mstari wa mshazari. Shika mstari karibu na chini, upande wa vivuli, uinue kidogo, na upande wa juu uache ulipo ili nguo nyeupe zisipoteze mikunjo yake. Dakika mbili zinatosha. Wanaoanza huuvuta mstari mpaka unakuwa kama nyoka, nasi tulipita huko.

Rangi nazo zina ugomvi wao kanisani. Taa za bomba zinaleta ukijani, balbu za zamani zinaleta umanjano, na dirishani unaingia mwanga wa Iringa wa saa nne asubuhi ambao ni mkali na wa kibuluu. Vyote vinakutana altareni. Anayeumia zaidi ni kasula ya zambarau. Kamera nyingi huigeuza kuwa ya bluu, na msomaji wa gazeti la parokia anaweza kujiuliza Majilio yamepata rangi mpya lini. Tafuta kitu ambacho unajua ni cheupe kweli, kama kitambaa cha altare kilicho kwenye mwanga ule ule na ambacho hakijaungua kwa mwanga, kisha kiguse kwa kitone cha kupimia weupe kilichomo kwenye programu. Picha nzima hujipanga kukifuata. Kama zambarau bado imekataa, ichague yenyewe na uisogeze upande wa wekundu kidogo. Hapo humdanganyi mtu, maana padre alivaa zambarau kweli na kamera ndiyo iliyokosea.

Mpaka uko wapi

Lakini si kila badiliko ni la kumsahihisha mpiga picha. Mwaka 1982, jarida la National Geographic la Februari lilitoka na piramidi za Giza kwenye jalada. Picha ya asili ilikuwa ya kulala na jalada ni la kusimama, basi wakazisogeza piramidi kwa kompyuta zikaribiane. Hakuna aliyeumizwa, na piramidi hazikulalamika. Hata hivyo jarida lilishutumiwa kwa miaka, kwa sababu msomaji alikuwa amepewa kitu kama ushahidi wa macho, kumbe hakuna jicho lililowahi kukiona.

Sisi huombwa mambo yanayofanana na hayo. Mtoe shemeji kwenye picha ya harusi, siku hizi hatusemezani naye. Muweke askofu katikati, alichelewa kufika. Mama marehemu mwongezeni kwenye picha ya familia ya Krismasi. Hatuna jibu moja kwa yote. Waya wa kipaza sauti unaokatiza juu ya kichwa cha mtoto tumeuondoa kwenye kadi ya pongezi, na tutauondoa tena. Kwenye picha ya habari au ya kumbukumbu za parokia hatuondoi wala hatuongezi mtu, kwa kuwa miaka hamsini ijayo atakayefungua faili hilo hatakuwa na wa kumuuliza nani alikuwepo. Kuhusu mama marehemu, tulikataa kumbandika kati ya walio hai, tukaiweka picha yake pembeni katika fremu yake mwenyewe. Wapo wenzetu walioona tumekuwa wagumu mno. Huenda ni kweli, lakini Amri ya Nane, kama Katekisimu inavyoifafanua kuanzia namba 2464, inatudai ukweli hata pale uongo unapokuja kwa huruma.

Wapiga picha wana msimamizi wao, Mtakatifu Veronika, tunayemkumbuka katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Kitambaa chake, kadiri ya mapokeo, kilibeba uso wa Bwana katika jasho na damu jinsi ulivyokuwa saa ile.

Picha ya katekista

Turudi kwa mama wa Kilolo. Uso wa mumewe katika picha ile ulikuwa na kimo cha milimita 5 hivi. Tuliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, tukapata kama pikseli 120 kutoka kidevuni hadi kwenye nywele. Huo ndio ukweli wote uliobaki juu ya uso wake. Programu ya akili bandia ilipotupatia kope, haikuzikuta kwenye picha. Ilizichora, kwa kufuata nyuso nyingine nyingi ilizofundishiwa, na ndiyo maana mjane hakumjua mtu yule.

Safari hii tulitumia GIMP, jioni mbili baada ya chakula. Katika picha nyingi za zama hizo rangi ya samawati ndiyo hufa kwanza, wekundu ukabaki unatawala, kwa hiyo tulishughulikia nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake mpaka shati likawa jeupe tena. Mikwaruzo tuliifunika kwa kifaa kinachonakili eneo zima la jirani. Juu ya jicho la kushoto kulikuwa na alama ndogo nyeupe, na mmoja wetu alikuwa ameshaweka brashi juu yake aifute. Mwingine akasema tusubiri. Tukampigia mama simu.

"Msiiguse," alisema. "Hilo ni kovu. Alianguka na baiskeli akienda kigangoni."

Programu ya simu ilikuwa imelifuta. Tulisafisha picha kwa ukubwa ambao uso ulifika sentimita 2, yaani nukta 150 kwa inchi, zinazotosha kwa picha ya kutundikwa. Ukungu kidogo ulibaki na tukauacha. Mama alipokuja kuichukua aliweka kidole kwenye kovu, akacheka, akatuuliza tunadaiwa kiasi gani. Tulimwomba atusalie rozari. Wiki iliyofuata akatutumia pia ndoo ya viazi.

Zoezi

Jumapili ijayo piga picha tatu kanisani kabla ya Misa, mahali pale pale: moja ukiupima mwanga kwenye kitambaa cha altare, moja kwenye uso wa mwenzako, na moja ukiiachia simu iamue. Zihariri kwa Snapseed au GIMP, ukitunza nakala ya asili ya kila moja. Kisha mwonyeshe huyo uliyempiga picha zote sita, bila kumwambia ipi ni ipi, umuulize ni ipi inayomwonyesha yeye. Ukimtumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na mtakuwa mnajadili kazi ya WhatsApp.

Wenye flashi tupu zenye nafasi ya GB 2 walete ofisi ya maktaba. GIMP na RawTherapee zipo tayari za kunakiliwa, za Windows na za Linux.